KUMRUDISHA SHULENI MWANAFUNZI ALIYEONDOLEWA

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za jambo lililo karibu sana na nyumba zetu, ingawa watu wengi hulisema kwa sauti ya chini. Ni habari za mtoto aliyeondolewa katika shule ya sekondari, au aliyeondoka mwenyewe kwa sababu ya shida, na jinsi awezavyo kurudishwa akaketi tena darasani pamoja na wenzake.

Sisi tunaosema nanyi kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Kila mwaka huwafuata wanachuo wetu waendapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Mbeya na Iringa, na makao yetu yako Iyunga, upande wa magharibi wa mji wa Mbeya, palipo barabara kuu iendayo Tunduma na stesheni ya reli ya TAZARA. Wengi wenu mwaijua Iyunga kwa ajili ya shule yake ya sekondari ya ufundi. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai baridi yetu huuma vidole, na katika ukungu ule huwaona wanafunzi wakipita makundi kwa makundi, sweta zimefungwa hata shingoni. Ni jambo la kupendeza macho. Lakini mwalimu aliyezoea kuhesabu watoto hawatazami wapitao tu. Huwaza pia juu ya wale wasiopita.

Kabla ya kuingia katika maelezo, yatupasa kuungama jambo moja. Zamani, kabla hatujahamia chuoni, tulifundisha katika shule moja ya sekondari ambayo hatutaitaja jina. Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: mara moja katika muhula wasichana waliitwa kwa zamu katika chumba kimoja, wakapimwa kama wana mimba. Aliyeonekana kuwa nayo alipewa barua siku ile ile, akafunga tranka lake, akaondoka. Hakuulizwa habari za mwanamume, wala hapakuwa na mtu wa kumsindikiza hata kituo cha mabasi. Jioni mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina. Sisi pia tulikuwa walimu wa darasa, na mistari hiyo tuliipiga kwa mkono wetu. Tuliona ni kazi kama kazi nyingine.

Basi siku moja mwaka 2023 tulikuwa pale stesheni ya TAZARA tukimngoja mgeni atokaye Dar es Salaam. Gari lilichelewa, kama lilivyo na tabia ya kuchelewa, nasi tukaita mwanamke kijana aliyekuwa akiuza ndizi mbivu, karanga na mayai ya kuchemsha. Tulichukua vitu vitatu vya bei mbalimbali, tukampa noti ya shilingi 10,000. Kabla sisi wenyewe hatujamaliza kuhesabu kichwani, chenji yetu ilikuwa tayari mkononi mwake, sawasawa. Tukamsifu kwa hesabu yake. Akainama kidogo, akasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Tukaitikia, lakini hatukumtambua. Akasema, “Mimi ndiye namba kumi na nne.”

Tulifahamu mara moja. Namba kumi na nne ilikuwa nafasi yake katika daftari letu, kidato cha pili, mwaka 2018. Alikuwa akiongoza darasa katika hisabati. Akauliza swali moja tu: “Watu wasema siku hizi wenye watoto wanarudi shuleni. Na mimi je?”

Jibu lake tutalitoa mwishoni, maana halieleweki bila kwanza kueleza mambo yalivyo.

Na tuanze na sheria, kwa kuwa watu wengi husema “sheria imekataza” wala hawajaisoma. Sheria ya Elimu ya Tanzania ni ya mwaka 1978. Chini yake zilitungwa kanuni za mwaka 2002 juu ya kuwafukuza na kuwazuia wanafunzi shuleni. Kanuni hizo zilitaja utovu wa nidhamu uliozidi na wa makusudi. Zikataja makosa ya jinai kama wizi, kuharibu mali na kutumia dawa za kulevya. Zikataja makosa dhidi ya maadili. Na zikataja mwanafunzi aliyefunga ndoa. Neno mimba halikuandikwa humo. Lakini neno “maadili” lilikuwa pana kama shuka, na msichana mwenye mimba akafunikwa nalo. Mnamo mwezi wa Juni mwaka 2017, Rais John Magufuli alisema hadharani huko Chalinze kwamba wanafunzi waliozaa wasirudi katika shule za Serikali. Tangu hapo desturi ikawa ngumu kuliko zamani.

Mambo yaligeuka tarehe 24 Novemba 2021. Siku hiyo Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, na mwezi wa Februari mwaka 2022 ukafuata mwongozo wa kueleza namna ya kuwarudisha. Mwongozo huo uliweka muda wa miaka miwili tangu mwanafunzi alipokatiza masomo. Shikeni sana neno hilo la miaka miwili, maana tutalirudia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili lilibuniwa kwetu. Zanzibar iliwaruhusu wasichana waliozaa kurudi madarasani tangu mwaka 2010. Kenya iliweka utaratibu wa namna hiyo mwaka 1994, na Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, mwaka 1997. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto nayo iliamua, katika shauri lililoletwa juu ya Tanzania, kwamba kuwapima wasichana kwa lazima na kuwafukuza kwa ajili ya mimba ni kuvunja haki zao. Tulisoma uamuzi huo kwa kichwa kilichoinama, tukikumbuka kile chumba na ile kalamu nyekundu.

Sasa tuwataje watoto wenyewe, maana si wa namna moja.

Wa kwanza ni hao wasichana tuliokwisha kuwataja. Wa pili ni watoto walioondolewa kwa ajili ya mwenendo, na wengi wao ni wavulana: aliyepigana, aliyeshiriki katika mgomo, aliyekutwa na bangi, au mtoro wa siku nyingi. Mtoro wa Mbeya aghalabu hayuko mbali. Utamkuta akipakia magunia ya viazi katika lori, au akiendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa malipo ya kila jioni. Amekwisha kuonja fedha, na fedha hiyo ndogo humdanganya kuwa ni kubwa.

Wa tatu ni watoto wa shida. Hao hakuna aliyewafukuza kwa barua, lakini wameondolewa vile vile. Tangu mwaka 2016 ada ya shule za Serikali imefutwa hata kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha sita. Ni jambo kubwa, na yafaa tulishukuru. Lakini kufutwa kwa ada hakushoni sare, hakununui daftari, wala hakulipi nauli ya mtoto akaaye mbali na shule. Tena nyanda zetu hizi za juu, Njombe, Iringa na Mbeya, zimepigwa na ukimwi kuliko sehemu nyingi za nchi. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017, Njombe ilionekana kuwa na watu wazima wenye virusi zaidi ya 11 katika kila 100. Kwa hiyo tunao yatima wengi waliolelewa na bibi zao, na bibi akiugua, mjukuu ndiye atakayeacha shule. Wengine hupelekwa Dar es Salaam kutumika majumbani, na kwa miezi ya kwanza watu husema amekwenda kutembea.

Watoto hawa wote huhesabiwa pamoja kuwa “waliokatiza masomo”, lakini mwalimu mwenye akili hatawarudisha wote kwa njia moja. Mwenye mtoto mchanga ataka nafasi ya kunyonyesha. Aliyefukuzwa kwa kupigana ataka kusameheana na yule aliyempiga. Yatima ataka sare na mtu wa kukaa na bibi. Kumpa kila mmoja hotuba ile ile ni sawa na tabibu awapaye wagonjwa wote dawa ya kikohozi.

Sasa, wasikilizaji, mzazi au mwalimu atakaye kumrudisha mtoto afanye nini? Tutaeleza hatua kwa hatua, kama tuonavyo katika kazi yetu.

Hatua ya kwanza ni kumtafuta. Hili laonekana dogo, lakini shule nyingi hushindwa hapa. Mkuu wa shule hungoja mtoto aje, na mtoto hungoja aitwe. Yafaa mwalimu afungue daftari la mahudhurio la mwaka huu na la mwaka uliopita, aandike majina ya waliopotea, kisha amwendee mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Yeye ajua nyumba. Wanafunzi nao wajua zaidi kuliko sisi. Ukiwauliza kwa upole, bila kuandika mbele yao, watakuambia mwenzao yuko wapi na ana hali gani.

Hatua ya pili ni kusema na wazazi, na kusema nao nyumbani kwao. Usimwite baba ofisini kama mshtakiwa. Baba ambaye binti yake amezaa amekwisha kuaibika mbele ya ndugu zake. Akiitwa shuleni ataona ni aibu ya pili, naye hatakuja. Tulipokwenda katika nyumba moja huko upande wa Rungwe, baba alikataa kabisa kutukaribisha ndani. Tukakaa nje juu ya gogo, tukazungumza habari za chai na migomba kwa muda wa saa nzima. Mwisho akasema mwenyewe, “Maji yakimwagika hayazoleki.” Mwenzetu mmoja, mwalimu mzee, akamjibu, “Ni kweli, mzee. Lakini mtoto si maji. Huyu yupo, twamsikia anatwanga nyuma ya nyumba.” Baba akanyamaza, kisha akamwita mkewe alete viti.

Hatua ya tatu ni karatasi. Mzazi aandike barua kwa mkuu wa shule, aseme jina la mtoto, kidato alichoacha, mwezi na mwaka alioacha, na sababu. Atafute namba ya mwanafunzi iliyoandikwa katika kumbukumbu zake tangu shule ya msingi, maana bila namba hiyo itakuwa taabu kumwandikisha kwa Upimaji wa Kitaifa wa kidato cha pili na kwa mtihani wa kidato cha nne. Apeleke pia cheti cha kuzaliwa na ripoti za zamani kama zipo. Mwaka wa masomo huanza Januari. Basi ni vizuri barua ifike kabla ya hapo, ili mtoto aanze pamoja na wenzake na jina lake liingie mapema katika orodha ya watahiniwa.

Na hapa ndipo twarudia lile neno la miaka miwili. Wazazi wengi hungoja mtoto mchanga atembee, au wangoje maneno ya majirani yaishe, au wangoje mavuno. Maneno ya majirani hayaishi, na kalenda haingoji. Mzazi anayesikia, kama binti yako aliacha masomo mwaka jana, hesabu miezi leo jioni.

Katika jambo la mtoto aliyefukuzwa kwa mwenendo, mjue kwamba kumfukuza mwanafunzi wa sekondari si neno la mwalimu mmoja aliyekasirika. Ni jambo lipitalo katika Bodi ya Shule. Mzazi aombe barua iliyoandikwa yenye sababu, na aombe kwa adabu kusikilizwa. Mara nyingi tumeona mtoto aliyeambiwa kwa mdomo “nenda, usirudi”, akakaa nyumbani miezi mingi akidhani amefukuzwa, kumbe hakuna karatasi yoyote wala kikao chochote. Mtoto wa namna hiyo hakufukuzwa, amepotezwa tu. Na kama pale alipokuwa pana aibu au uadui mkubwa mno, yafaa kuomba ahamishiwe shule nyingine iliyo karibu, akaanze mahali ambapo hakuna anayemnyoshea kidole.

Hatua ya nne ni mtoto mchanga. Msichana hawezi kusoma hesabu za maumbo huku akiwaza kama mwanawe amekunywa uji. Lazima kabla ya siku ya kurudi ijulikane ni nani atakayekaa na mtoto, atakula nini, na mama atanyonyesha saa ngapi. Kwetu bibi ndiye shule ya kwanza ya watoto wachanga, lakini bibi naye ana shamba. Jamaa wakae kikao waseme wazi: wewe shangazi utamkaa Jumatatu na Jumanne, wewe bibi siku zilizobaki. Na upande wa baba wa mtoto usisahauliwe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwanamume anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari aweza kufungwa miaka 30. Wako wazazi wanaokubali mbuzi wawili au fedha kidogo ili jambo lifichwe. Hao wameuza kwa bei ya mbuzi haki ambayo si yao, bali ya binti.

Hatua ya tano ni ya sisi walimu, nayo ndiyo tunayoifundisha zaidi chuoni. Mtoto akikwisha kuingia langoni, kazi haijaisha, bali imeanza. Twawaambia wanachuo wetu mambo matatu.

Jambo moja ni jina. Mwite kwa jina lile lile lililo katika daftari. Usimwite “mama fulani”, wala usimfanye mfano katika somo la maadili, hata kama wadhani wamsifu. Katika ofisi ya walimu pia msimseme. Kuta za ofisi zetu ni nyembamba, na mwanafunzi aliyetumwa kuleta chaki husikia yote.

Jambo la pili ni lugha. Masomo ya sekondari yetu hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mmoja na nusu amesema Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe na bibi yake, na Kiswahili sokoni. Kiingereza chake kidogo kimekauka kama kijito cha mwezi wa Oktoba. Anaporudi akashindwa bayolojia, mwalimu husema akili yake imeharibika kwa mambo ya ukubwa. Sivyo. Akili iko, maneno ndiyo yaliyopotea. Tumewaona watoto waliorudi wakapewa nusu saa ya kila siku ya kusoma kwa sauti kitabu chepesi na kuandika maneno mapya ya kila somo, na baada ya muhula mmoja walianza kuinua mkono.

Jambo la tatu ni mlezi mmoja. Shule ichague mwalimu mmoja, mwenye moyo na mwenye kufunga mdomo, awe ndiye wa kumwendea. Mtoto akichelewa kwa sababu mchanga aliugua usiku, aseme na mwalimu huyo peke yake, asihojiwe na walimu sita mmoja baada ya mwingine.

Tuwape mfano. Binti mmoja aliacha kidato cha pili mwaka 2020, akazaa mwaka uliofuata. Januari ya mwaka 2022 mama yake alimleta katika shule moja walikokuwa wanachuo wetu. Akaanza tena kidato cha pili. Juma la kwanza aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kukimbia. Siku ya Alhamisi maziwa yalilowesha sare yake mbele ya darasa, wavulana wawili wakacheka, naye akatoka, hakurudi siku tatu. Hapo ndipo tungemkosa. Lakini mwalimu mlezi, mama mtu mzima, alikwenda kwao Jumapili jioni akiwa na sweta kuukuu la binti yake. Akamwambia, “Mwanangu, kesho vaa hili juu ya shati. Na saa ya mapumziko nenda nyumbani ukanyonyeshe, nimekwisha kusema na mkuu wa shule.” Wale wavulana wawili hawakupigwa, waliitwa, wakaulizwa kama mama zao waliwanyonyesha. Binti yule alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, akapata daraja la tatu. Si alama za kuandikwa magazetini, lakini zilimtosha kuendelea mbele. Mama yake alitushika mikono miwili akasema, “Ndaga fijo,” yaani asante sana kwa lugha ya kwao, nasi tukamwambia ashukuru lile sweta.

Twajua kwamba wako wasikilizaji wanaosema, “Mkiwarudisha hao, mtawaharibu wasichana wengine, wataona mimba si kitu.” Neno hili limesemwa na watu wenye heshima, na halifai kudharauliwa. Jibu letu ni hili. Tuliwafukuza miaka mingi, na kila muhula tuliwapata wengine wa kufukuza. Kama hofu ingekuwa kinga, kile chumba cha kupimia kingebaki kitupu. Hofu haikuzuia mimba, ila ilizuia msichana asiseme mapema. Akaficha, akafunga tumbo kwa kitambaa, wengine wakaenda kwa watu wa kuwapa dawa za siri, na wengine hawakurudi hai. Tena msichana aliyemwona mwenzake akirudi na kusinzia darasani kwa ajili ya kukesha na mtoto, huyo amefundishwa zaidi kuliko kwa hotuba zetu kumi.

Kurudi si thawabu. Ni kazi ngumu kuliko ya wale ambao hawakuondoka, na wengine hujaribu wakashindwa. Wako tuliowarudisha wakaacha tena kabla ya muhula kwisha, hasa wavulana waliozoea fedha ya bodaboda. Hatuwafichi. Mmoja wao aliturudishia daftari zote zikiwa safi, akasema apewe mwingine. Tumeziweka, huenda akazitaka.

Sasa twarudi stesheni, kwa yule aliyekuwa namba kumi na nne. Aliondolewa mwaka 2018, nasi tulionana mwaka 2023. Muda wa miaka miwili ulikuwa umepita zamani. Mlango wa shule ya kawaida ulifunguliwa, lakini yeye alikuwa amekwisha kupita. Ilitupasa kumwambia hivyo machoni pake, nasi hatujawahi kusema neno zito kuliko hilo.

Lakini wahenga husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ziko njia nyingine, na yafaa kila mzazi azijue. Iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, ambayo huwafundisha masomo ya sekondari watu walio nje ya shule. Mwanafunzi wa njia hiyo hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Akifaulu, huruhusiwa kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na cheti chake hutoka katika Baraza lile lile. Viko pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Ilula na Rungemba huko Iringa, na vyuo vya VETA vifundishavyo ufundi. Njia hizi zisifanywe jaa la kutupia kila mtoto anayetuletea taabu. Kwa yule ambaye muda wake haujapita, shule ya kawaida ndiyo haki yake ya kwanza. Lakini kwa yule aliyepitwa, ni njia za kweli.

Tulimwandikia namba ya chumba na jina la ofisi ya kwenda katika karatasi ya karanga, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Hatukutegemea atakwenda. Juma la pili alitujia chuoni, kikapu chake cha ndizi kichwani, akatuomba kitabu cha hisabati cha kidato cha pili. Alisema ataanzia pale alipoachia. Sasa husoma jioni, akikwisha kuuza, na mtoto wake, aliye shule ya msingi, huandika kazi yake upande wa pili wa meza ile ile. Mtihani wa Maarifa amekwisha kuufaulu. Ule wa kidato cha nne bado uko mbele yake, na miaka aliyoipoteza hatuwezi kumrudishia.

Walimu wenzetu, daftari za zamani bado ziko katika makabati ya shule zetu, na mistari myekundu yaonekana. Chukueni moja, someni majina, mwulize kila mmoja yuko wapi. Labda mmoja katika hao miezi yake haijatimia ishirini na minne. Huyo mwendeeni kesho.